Usiniuzie Wati, Nionyeshe Hesabu

Wacha nilisema hili mapema ili anayetaka kukasirika aanze sasa: swali la kwanza ambalo wauzaji wa sola wa katikati ya jiji la Nairobi humuuliza mteja ni swali baya. Pita Luthuli Avenue, kata kona uingie River Road, shuka mpaka Kirinyaga Road. Kila duka lenye paneli mlangoni litakukaribisha kwa maneno yale yale: "Karibu bosi, unataka ya wati ngapi?" Na mteja, kwa kuwa ameulizwa, hujibu. Mia mbili. Mia tatu. Elfu moja. Hajui ametaja nini, na mara nyingi aliyemuuliza pia hajui. Dakika kumi baadaye ujumbe wa M-PESA umeingia, paneli iko juu ya keria ya matatu, na mtu wa watu amenunua giza la mwezi wa Julai kwa pesa zake mwenyewe.

Nimechoka na biashara hii. Sola inafanya kazi, na inafanya kazi vizuri sana. Ninachopinga ni namna inavyouzwa.

Mbona leo? Kwa sababu wateja wameongezeka. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza. Ikapotea tena tarehe 11 Novemba na tarehe 10 Desemba mwaka uo huo. Watu wa Lavington na Westlands ambao hawakuwahi kuinua macho kutazama mapaa yao wakaanza kuuliza bei ya betri. Hao sina wasiwasi nao sana, maana sola yao ikilegea wana stima ya kurudia. Ninaowajali ni wale wanaojenga nyumba ndogo ya mbao nje ya mji. Toka Karen, pita Ngong mjini, zunguka upande wa nyuma wa vilima kuelekea Kimuka na Ewuaso Kedong, utaziona. Nyingine ni za kupumzika wikendi, nyingine za kukodisha wageni, nyingine za wastaafu waliochoshwa na kelele za Kawangware. Juu kileleni mitambo ya upepo ya KenGen inazunguka mchana kutwa, lakini kwa wengi wa hawa nguzo ya stima ya karibu iko mbali mno kuivuta. Huko sola si mapambo. Ikikosea, hakuna pa kukimbilia.

Sasa turudi kwenye lile swali. Kwa nini "wati ngapi" ni swali baya?

Kwa sababu wati ni kasi, si kiasi. Wati hukwambia kifaa kinakula haraka kiasi gani kwa sasa hivi. Haikwambii kimekula kiasi gani kufikia jioni. Kiasi hupimwa kwa wati-saa: wati moja ikitumika kwa saa moja. Unalijua hili tayari, ila hukuambiwa jina lake. Ukinunua tokeni za stima, ile "uniti" moja unayolipia ni wati-saa 1,000. Hakuna mtu anayenunua tokeni za "wati". Basi mbona tukifika kwenye sola tunakubali kuuziwa kasi na kuambiwa ndiyo kiasi?

Kazi yangu ni kuandika programu. Mteja akija ofisini akasema "nataka seva kubwa", simpi seva. Namuuliza: watu wangapi wataingia kwa siku? Saa ngapi wanajaa? Siku mbaya kuliko zote kwenye biashara yako ni ipi, mwisho wa mwezi watu wakilipa kodi ya nyumba? Nikipata majibu hayo, ukubwa wa seva hujitaja wenyewe. Nikimuuzia seva kabla ya maswali hayo, mimi si mtaalamu, mimi ni mchuuzi. Sola ni hivyo hivyo. Watumiaji ni vifaa vyako. Siku mbaya ni Julai.

Naam, Julai. Wageni wakisikia Nairobi iko karibu kabisa na ikweta hudhani jua letu ni lile lile mwaka mzima. Sisi tunaokaa hapa tunajua kuna miezi ya kuvaa sweta, Juni mpaka Agosti, wingu likiwa limetanda kuanzia asubuhi kama blanketi la kijivu. Wanaopima jua hulihesabu kwa "saa za jua kali", yaani jua lote la siku likikusanywa pamoja ni sawa na saa ngapi za jua la saa sita mchana. Nairobi wastani wa mwaka ni zaidi ya saa 5 kidogo. Januari na Februari hupita saa 6. Julai hushuka hadi karibu saa 4, na upande wa vilimani penye ukungu mimi hupiga hesabu kwa saa 3.5 ili nilale usingizi. Mtu akikuonyesha hesabu ya Januari anakuuzia Januari tu.

Nitatoa mfano wa kweli. Shangazi yangu alistaafu ualimu, akajenga nyumba ya mbao ya vyumba viwili upande wa Kimuka. Akaingia mjini na sehemu ya kiinua mgongo chake, duka moja ambalo sitalitaja, akatoka na "pakeji": paneli ya wati 300, betri moja ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200, na inveta iliyoandikwa wati 1,000. Ilifungwa Januari, na Januari kila kitu kikawaka. Mwezi wa Aprili akataka friji ndogo. Akapiga simu dukani kuuliza, akajibiwa, "Mama, inveta ya wati elfu moja inabeba friji bila shida." Jibu hilo ni kweli tupu, na halina maana yoyote. Kuibeba inaibeba. Kuilisha je?

Mei nyumba ikaanza kuzima alfajiri. Julai ikawa inazima saa tatu usiku, inveta ikilia kama kifaranga aliyepotea. Aliporudi dukani akaambiwa, "Mama, hii si shida ya mashine, ni jua limepungua. Ongeza betri moja." Akaongeza. Hali ikawa ile ile, ila sasa betri mbili zilikuwa na njaa badala ya moja.

Nilipokwenda kumtembelea sikufungua kifaa hata kimoja. Niliomba karatasi na kalamu.

"Shangazi, nitajie kila kitu kinachokula stima humu ndani."

"Hata ile ruta ya watoto, mwanangu?"

Hasa ruta, shangazi. Orodha ikatoka hivi, kwa siku moja:

1. Balbu 5 za LED, wati 7 kila moja, saa 5: wati-saa 175.
2. Televisheni, wati 60, saa 5: wati-saa 300.
3. Ruta, wati 8, saa 24: wati-saa 192.
4. Simu 3, kila moja wati-saa 15: wati-saa 45.
5. Friji ndogo: wati-saa 600.
6. Pampu ya maji, wati 370, nusu saa: wati-saa 185.
7. Inveta yenyewe, wati 20, saa 24: wati-saa 480.

Jumla ni wati-saa 1,977. Yaani karibu uniti mbili za tokeni kila siku.

Tazama hiyo namba 7. Inveta ikiwashwa hula hata kama hakuna kifaa kilichochomekwa. Imekaa macho ikingoja kazi, na kukaa macho kuna gharama. Kiasi hicho huandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya inveta, na hutofautiana baina ya mashine na mashine. Hii ya shangazi ilikula wati 20 usiku na mchana. Hakuna aliyemwambia. Ni mgeni anayekula kuliko televisheni na hajulikani kama yuko nyumbani.

Sasa upande wa mapato. Paneli ya wati 300, mara saa 3.5 za Julai, ni wati-saa 1,050. Toa hasara za joto, vumbi, nyaya, betri na ubadilishaji, tuseme robo nzima. Zinabaki karibu 790. Mapato 790, matumizi 1,977. Kwenye mapato hayo inveta peke yake inachukua 480. Mama wa watu anabakiwa na wati-saa 310 za kuendesha nyumba nzima. Hata ungemwekea betri kumi, betri haizalishi stima. Betri ni debe. Ukiongeza debe la pili, mvua haiongezeki.

Na Januari je, mbona iliwaka? Jua la Januari, saa 6 na kitu, liliipa paneli ile ile karibu wati-saa 1,400 kwa siku baada ya hasara. Friji haikuwepo, kwa hiyo matumizi yalikuwa 1,377. Ilipona kwa tundu la sindano. Muuzaji akaonekana mtaalamu kwa miezi mitatu.

Hesabu nzima imechukua nusu ukurasa, kuzidisha na kugawanya kwa darasa la sita. Shangazi amefundisha hesabu hiyo miaka thelathini. Hakushindwa yeye kuifanya. Hakuulizwa tu.

Basi mfumo sahihi wa nyumba ile ni upi? Anza na matumizi, usianze na paneli.

Paneli: wati-saa 2,000 gawanya kwa 0.75 kufidia hasara, ni karibu 2,670. Gawanya kwa saa 3.5, unapata wati 760. Paneli mbili za wati 400 zinatosha na chenji inabaki.

Betri: siku mbili bila jua la maana ni wati-saa 4,000. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma unaweza kuitumia asilimia 80 bila kuiumiza, kwa hiyo unahitaji 5,000. Betri za volti 51.2 na ampea-saa 100 zimejaa sokoni, na moja ina wati-saa 5,120. Ukitaka betri za asidi, usizishushe chini ya nusu mara kwa mara, la sivyo utazizika mapema. Kwa hiyo unahitaji 8,000, yaani betri nne za ampea-saa 200. Zile nne zinaonekana rahisi dukani. Hesabu utazibadilisha mara ngapi lithiamu ikiwa bado kazini, kisha uniambie ipi ni rahisi.

"Lakini hizo ni pesa nyingi!" Ndiyo. Na hapa ndipo ninapowashangaa wauzaji kuliko popote, kwa sababu kuna njia ya pili ambayo hawaitaji kamwe: kupunguza. Sisi waandishi wa programu tunajua kuwa mstari wa msimbo ulio bora ni ule uliofutwa. Kwa shangazi, tulitoa friji. Maziwa yanatoka kwa jirani asubuhi, nyama hununuliwa siku ya kupikwa. Inveta ikawa inawashwa saa 8 tu kwa siku, balbu, simu na ruta zikilishwa moja kwa moja na betri bila kupitia inveta. Ruta ikawa inazimwa watoto wakilala. Matumizi yakashuka kutoka 1,977 hadi 961. Fanya hesabu ile ile: paneli wati 366, betri wati-saa 2,400. Nusu ya mfumo, karibu nusu ya pesa, na kinachokosekana ni friji moja. Yule anayetaka friji ailipie akijua bei yake halisi, ambayo si bei ya friji bali ni bei ya friji pamoja na paneli na betri za kuilisha.

Kupasha joto, usijaribu. Birika la stima la wati 2,000 kwa dakika sita linakula wati-saa 200, kuliko balbu zote tano kwa saa zao tano. Kile kichwa cha shawa kinachopasha maji papo hapo, kilichojaa kwenye bafu za Nairobi, kinataka wati 5,000 na zaidi. Dakika kumi za kuoga ni zaidi ya wati-saa 800. Shangazi angeoga mara moja Julai na kumaliza jua la siku nzima. Nyumba ya mbao ipikie gesi, na maji yapashwe na jua lenyewe kwa tangi la paani au kwa kuni. Fundi asiyekwambia hivyo hakutakii mema.

Hadi hapa nimesema kana kwamba namba zilizoandikwa kwenye vifaa ni za kweli. Mara nyingine si za kweli, na hili ni jambo la pili linalonikera.

Utepe wa kupimia wa fundi cherehani unatosha kumuumbua mwongo. Jua kali la saa sita likipiga mita mraba moja huleta takribani wati 1,000. Paneli nzuri zinazouzwa leo hugeuza asilimia 20 hadi 23 ya hizo kuwa stima. Kwa hiyo mita mraba moja ya paneli ni wati 200 hadi 230, basi. Paneli ya wati 400 lazima iwe karibu mita mraba mbili. Ukionyeshwa paneli "ya wati 300" yenye upana wa sentimita 80 na urefu wa mita 1.2, hiyo haijafika mita mraba moja. Si paneli, ni hadithi.

Zile taa za nje za sola zenye maandishi "300W" ndizo kichekesho kikubwa. Paneli yake nyingi ina ukubwa wa daftari. Karatasi ya A4 ni mita mraba 0.062. Zidisha kwa 230, unapata wati 14. Hata paneli bora kuliko zote dukani, ikikatwa kwa ukubwa huo, haitazidi hapo kwa maana. Wati 300 zinatoka wapi? Zinatoka kwenye mashine ya kuchapisha stika.

Betri pima kwa mizani. Betri halisi ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 ina uzito wa karibu kilo 60. Ukiibeba kwa mkono mmoja ukipiga simu kwa mwingine, umeuziwa kasha. Na paneli itoe nje kabla hujalipa. Luthuli Avenue ilitengenezwa upya mwaka 2019 ikapewa njia pana za miguu, nafasi ipo. Iweke juani saa sita, chomeka multimita, linganisha volti na ampea na zile zilizoandikwa nyuma. Jua likiwa kali na ampea ni nusu, rudisha. Muuzaji akikataa kukupimia, ameshakujibu.

Mtu asiniambie haya ni mageni. Kenya ni mkongwe wa sola. Mwaka 1984 Harold Burris na Mark Hankins walifunga sola kwenye shule ya harambee ya Karamugi, Meru, na kutoka hapo mafundi wa hapa wakafundishwa na biashara ikaenea kwa watu kununua wenyewe, bila kungoja serikali. Lakini kufikia mwaka 1999 watafiti wakiwemo Daniel Kammen na Arne Jacobson walipopima paneli za silikoni nyembamba zilizokuwa zikiuzwa nchini, walikuta chapa zilizotimiza ahadi na nyingine zilizotoa chini sana ya kilichoandikwa. Mnunuzi hakuwa na njia ya kuzitofautisha kwa macho. Aliyeuza ukweli na aliyeuza uongo waliketi meza moja. Robo karne baadaye meza ni ile ile, stika tu ndizo zimekuwa nzuri zaidi.

Na kinga ya kisheria? Ipo. Kanuni za mifumo ya sola za mwaka 2012 ziliweka leseni kwa mafundi, daraja T1, T2 na T3, kulingana na ukubwa wa mfumo, na leo mamlaka husika ni EPRA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Nishati ya 2019. Muulize fundi wako leseni yake ni daraja gani. Si urasimu. Mfumo wa volti 48 wenye betri ya wati-saa 5,000 si redio. Stima ya moja kwa moja ikitoa cheche haijizimi kirahisi kama ile ya ukutani, ndiyo maana inahitaji swichi za kukata zilizotengenezwa kwa ajili yake. Fundi akikufungia swichi ya kawaida ya nyumba kwenye nyaya za paneli kwa kuwa "zote ni sawa tu", mwambie ashuke darini. Nyumba yako ni ya mbao, unakumbuka?

Na uliza kwa nini amechagua volti 12. Inveta ikitoa wati 1,000 kutoka betri ya volti 12, nyaya zinabeba ampea 83. Kwa volti 48 ni ampea 21. Joto linalopotea kwenye waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha ampea, kwa hiyo kwa waya ule ule hasara ni mara 16. Volti 12 inafaa kwa balbu na simu. Kwa nyumba yenye pampu ni uvivu wa muuzaji.

Najua kuna atakayesema: "Wewe ni mtu wa tarakilishi, unapenda namba. Mwananchi wa kawaida anataka kitu rahisi." Sawa. Basi tutazame kitu rahisi kilichofaulu. M-KOPA ilipoanza kuuza hapa mwaka 2012, iliuza paneli ndogo, taa chache na chaja ya simu, unalipa kidogo kidogo kwa M-PESA. Watu wengi wakaacha koroboi. Kwa nini vifurushi vidogo namna hiyo vilifanya kazi bila mteja kupiga hesabu? Kwa sababu hesabu ilikuwa imeshapigwa kiwandani. Taa zilichaguliwa kulingana na betri, betri kulingana na paneli, na mteja hakuweza kuchomeka friji hata angetaka. Mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia na IFC nao ulipima vifaa vidogo vya aina hiyo maabara, na moja ya masharti yake ilikuwa maandishi ya kwenye sanduku yawe ya kweli. Urahisi wa kweli ni hesabu iliyofanywa na mtu mwingine kwa uaminifu. "Pakeji" ya River Road imechukua sura ya urahisi huo na kuacha hesabu nyuma.

Wapo na mafundi wanaoniambia, "Nikimletea mteja karatasi ya hesabu anakwenda duka la pili lenye bei ya chini." Nawaelewa, na hawa ndio ninaowatetea. Fundi mwaminifu anapoteza kazi kwa sababu wateja tunalinganisha bei ya wati. Siku tutakapolinganisha bei ya wati-saa za Julai, yule wa stika atakosa cha kusema.

Jambo la mwisho, ambalo linanigusa kikazi. Inveta nyingi za sasa zina kijiti cha waifai na programu ya simu yenye picha za kupendeza. Data inatoka Kimuka, inakwenda seva ya mtengenezaji ng'ambo, inarudi kwenye simu yako uliyoketi nayo mita mbili kutoka kwa inveta. Betri ikiisha, ruta inazima. Ruta ikizima, programu haikuonyeshi kitu. Yaani inakosa kukuhudumia saa ile ile unayoihitaji. Dai inveta yenye kioo kinachoonyesha namba, na mlango wa data wa RS-485 wenye maelezo ya wazi ya Modbus, ili hata kompyuta ndogo ya bei nafuu iweze kusoma na kuhifadhi rekodi hapo hapo nyumbani. Si mchezo wa vijana wa kompyuta. Betri ikifa ndani ya waranti utaambiwa "uliitumia vibaya". Mwenye rekodi anajibu. Asiye na rekodi ananunua nyingine.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Usilipe shilingi kwa mfumo wa sola wa nyumba mpaka muuzaji akupe karatasi yenye mambo matatu: orodha ya matumizi yako kwa wati-saa, mapato ya paneli kwa mwezi wa Julai, na siku ngapi betri inakaa bila jua. Iwe na jina na namba ya leseni ya fundi. Ukurasa mmoja, lahajedwali ya kawaida inautoa kwa dakika tano. Na EPRA pamoja na KEBS wangelifanya hilo kuwa sharti la risiti, wangetuokolea pesa nyingi kuliko msako wowote wa madukani. Daktari hakupi dawa bila kukuuliza unaumwa wapi. Anayeuza mfumo unaogharimu kiinua mgongo cha mwalimu anaweza kuuliza maswali saba.

Kesho ukipita Luthuli ukaulizwa "wati ngapi, bosi?", mjibu: "Sijui, hebu tupige hesabu." Akivuta kiti na kalamu, umempata fundi. Akivuta kikokotoo cha kutafutia bei, endelea na safari, stendi ya matatu za Ngong haiko mbali.

Maoni yako wazi hapo chini. Wauzaji mnakaribishwa kunitukana, ila mje na namba :-)